Kuku Asiyejiweza na Ziara ya Jumamosi

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako, na naomba mapema, kwa sababu Jumamosi inakuja na mimi sijui kama nitafungua mlango au nitajifungia ndani na kujifanya sipo.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na minne, karani wa masjala, bado niko kwenye kipindi cha majaribio, na kabla hujaendelea kusoma naomba uniwie radhi kwa sababu jambo lenyewe linahusu kuku, nami najua wengine wanakuandikia kuhusu ndoa na maradhi na watoto walioacha shule, lakini sina mwingine wa kumweleza ambaye hatacheka kwanza.

Nilipopata kazi hii, shangazi yangu alikuja kukiona chumba nilichopanga akaniletea zawadi ya mtetea mweusi mwenye madoa meupe, amemfunga miguu kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kama anavyosafirishwa kuku yeyote, akamlaza kwenye kona na kuniambia, "Usimfungue haraka, hajapazoea hapa, atakukimbia." Kisha akaondoka. Sasa Mshauri, haraka ni muda gani? Hakusema, nami sikuuliza, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kufuata maelekezo niliona afadhali nichelewe kuliko kuwahi, nikamwacha amefungwa vile vile tangu Ijumaa jioni, Jumamosi nzima, hadi Jumapili baada ya chakula cha mchana, nikimpa maji na mtama pale pale alipolala na kujiona mlezi mwema. Nilipomfungua hakukimbia. Miguu ilikuwa ya baridi, vidole vimejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga, na mpira umeacha mfereji kwenye ngozi. Nilimsimamisha akaanguka kifudifudi. Nikamsimamisha tena. Huu ni mwezi wa nne na hajasimama. Shangazi akinipigia simu huniuliza, "Yule kuku ulimpikaje?" nami humjibu kwamba zawadi yake niliifurahia sana.

Sikuweza kumchinja mtu niliyemlemaza kwa mikono yangu. Nimeandika mtu, niwie radhi, lakini ndivyo ilivyokuwa moyoni. Nikamtengenezea boksi lenye maranda kutoka kwa seremala, nikajifunza kumlisha, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, fundi cherehani, mama mtu mzima mwenye maneno mengi na roho nzuri kuliko maneno yake, akampa jina la Malkia, kwa sababu, alisema, "Analetewa maji, anaogeshwa, anabebwa kwenda kuota jua, na kazi hafanyi. Mimi nimezaa watano sijawahi kuishi hivyo." Kila asubuhi ninapombeba kumpeleka uani wapangaji wenzangu wana lao la kusema. "Karani, mama watoto ameamkaje?" "Huyo si kuku tena, huyo ni mpangaji, mwonyesheni zamu ya kufagia." Nimezoea. Hata nacheka nao.

Tatizo lilianzia saa ya chakula cha mchana. Malkia hawezi kujisogeza kwenye maji, na akikaa juu ya uchafu wake kuanzia asubuhi hadi jioni ngozi ya kifuani inachubuka, na kwa kweli ilichubuka, kikawa kidonda chenye upana wa kitako cha kikombe. Kwetu mapumziko ni nusu saa na kutoka ofisini hadi nyumbani ni mwendo wa robo saa, kwa hiyo nilihitaji saa nzima. Ofisini kuna daftari la ruhusa, lina safu ya jina, saa ya kutoka, saa ya kurudi, na sababu. Hiyo safu ya mwisho niliiwaza siku tatu. Sikutaka kudanganya, Mshauri, mimi si mwongo, nimelelewa vizuri, na pia sikutaka kuandika "kuku" kwenye daftari la serikali. Mwishowe niliandika hivi: "Kumhudumia mgonjwa asiyejiweza, nyumbani." Ni mgonjwa. Hajiwezi. Yuko nyumbani. Nililisoma kila neno mara mbili na kila neno lilikuwa kweli.

Mkuu wetu wa masjala ni mama ambaye ofisi nzima tunamwita Madamu, mkali, mtu wa kurudisha jalada kwa sababu ya nukta. Alisoma nilichoandika, akavua miwani, akaniuliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Ni mama?"

Nikatazama sakafu. Naapa hata "ndiyo" sikusema. Nilikuwa natafuta namna ya kuanza, na kabla sijaipata akasema, "Basi, usiseme, mwanangu. Najua. Wangu alilala miaka sita." Akaweka sahihi. Akaniandikia saa nzima, kila siku, hadi mgonjwa apate nafuu.

Nilipaswa kumsahihisha pale pale. Najua. Lakini alikuwa amekwisha kuniita mwanangu, na macho yake yalikuwa na maji, na mlangoni alisimama tarishi na rundo la mafaili, nikajiambia nitamwambia kesho. Kesho yake akaniwahi yeye.

"Amekula?"

"Amekula kidogo, Madamu."

"Choo?"

"Amepata."

"Anaongea?"

"Anatoa sauti tu. Akinisikia nikiingia anatoa sauti."

"Anakujua huyo! Usimdharau. Na usimlaze upande mmoja, unanisikia? Mgeuze. Mimi wangu alipata vidonda mgongoni kwa ujinga wangu, nilidhani nikimwacha apumzike ndiyo huruma. Kunja taulo kama kata ya kubebea ndoo, uweke pale panapoumia, uzito usikae kwenye kidonda. Na umkaushe vizuri baada ya kumwogesha, unyevu ndio adui."

Mshauri, nilirudi nyumbani nikafanya hivyo hivyo. Nilikunja taulo kama kata, nikamweka Malkia juu yake kidonda kikiwa kwenye uwazi wa katikati, nikawa namgeuza asubuhi, mchana, nikirudi kazini, na kabla ya kulala, nikamkausha kwa kitambaa unyoya kwa unyoya, na baada ya wiki tatu kidonda kikafunga. Kimefunga kabisa! Nilifurahi kiasi kwamba niliingia ofisini asubuhi nikamwambia Madamu, "Kidonda kimepona," naye akanishika mikono yote miwili mbele ya watu, akalia, akasema angalau kuna mtu mmoja amefaidika na ile miaka sita. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeingia kwenye shimo na ngazi sina.

Ijumaa iliyopita, tukifunga kazi, akatangaza. Jumamosi ijayo masjala yote inakuja kwangu kumjulia hali mgonjwa. Na si mikono mitupu. Kiti cha magurudumu cha marehemu mama yake, ambacho ameking'arisha na kukifunika shuka tangu msiba, ambacho hakuwahi kukubali kumwazimisha mtu, anamletea mama yangu. Nikasema wasijisumbue. Dereva wa ofisi akanijibu, "Acha kujitenga, kijana, gari nimeshaliombea ruhusa." Tarishi akasema yeye ndiye atakayemsukuma mama hadi juani. Wote walikuwa wananitazama kwa upendo, na mimi nilitamani wangekuwa wananitukana.

Mama yangu mzazi ni mzima kabisa. Alinipigia Jumapili akicheka, nikamuuliza kama miguu yake haimsumbui, akasema, "Miguu yangu ina nini? Umesikia nini? Nani kakwambia?" ikabidi nibadilishe mazungumzo. Tangu hapo nina hofu nyingine juu ya hofu, kwamba nimemtabiria maradhi.

Nimewaeleza watu wawili tu pale nyumbani. Fundi cherehani ameniambia nisihangaike, yeye yuko tayari. "Nitalala kitandani kwako nijifunike hadi kidevuni, nitakohoa mara tatu, ila uwaambie mapema kwamba mama hasemi sana, maana nikianza kusema mimi sinyamazi." Mwingine ni fundi rangi wa chumba cha mwisho. Yeye hakucheka. Alisema, "Mchinje Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi mpigie bosi wako, mwambie mgonjwa hatunaye tena. Kitu kimekwisha. Kisu nimeshakitia makali, wewe sema tu."

Na sasa nakuungamia jambo ambalo sijamwambia hata mmoja wao. Nililifikiria. Nilikaa karibu na boksi nikalifikiria kwa utulivu kabisa, nikaona kwamba safari hii pia kila neno litakuwa kweli. Malkia alikuwa ananitazama kwa jicho moja, kama wanavyotazama kuku, akidonoa kifungo cha mkono wa shati langu. Nikajiogopa.

Naomba uniambie nichague lipi, la fundi cherehani au la fundi rangi. Nikisema ukweli nitafukuzwa kabla ya kuthibitishwa kazini, na hata nisipofukuzwa sitaweza kumtazama Madamu usoni, na ofisi itanicheka hadi nistaafu. Nikikaa kimya, Jumamosi ile pale. Tafadhali nijibu, na ikiwezekana usiniandike jina.

Mimi, Karani Mwenye Hofu

*

Majibu ya Mshauri

Mwanangu Karani,

Kwanza kabisa, fundi rangi arudishe kisu jikoni. Kuku hachinjwi Ijumaa. Hilo limekwisha, sasa tuzungumze.

Na fundi cherehani mwambie nampenda, ningefurahi kuwa jirani yake, lakini abaki kwenye cherehani yake. Umeniomba nichague kati ya mambo mawili ambayo wewe mwenyewe unajua hayafai. Ungekuwa na moyo wa kufanya mojawapo usingepoteza karatasi nne kuniandikia.

Habari ya kuku haina aibu. Nimesoma barua za watu wanaowaacha wazazi wao kwenye unyevu kutwa nzima, na wewe unamkausha kuku unyoya kwa unyoya. Wanaokutania uani si maadui zako. Ungekuwa unamtesa wasingetania. Mpira wa tyubu ulikuwa ujinga, kweli, na Malkia ameulipia kwa miguu yake. Lakini ulikuwa ujinga wa mtu aliyeogopa kukosea, si wa mtu katili, na miezi minne ya kumwogesha ni toba ya kutosha. Mwambie shangazi yako yaliyompata kuku wake. Atakugombeza dakika tano, kisha atakueleza kuhusu kuku mwingine aliyepatwa hivyo hivyo.

Sasa nitakugombeza mimi.

Unaniambia kila neno ulilosema lilikuwa kweli. Umesoma, mwanangu, usinichezee. Mtu akikuuliza "Ni mama?" nawe ukatazama sakafu, umeshajibu. Tena umejibu vibaya kuliko kusema, kwa sababu umemwachia yeye kazi ya kukutungia uongo, na amekutungia kwa kitu alichokuwa nacho, miaka sita ya mama yake. Hukuiba saa ya mchana. Saa hiyo mtu angekupa hata kwa ajili ya kuku, kama ungekuwa na ujasiri wa kuomba. Ulichochukua ni machozi ya mwenzako, ukayapeleka nyumbani kila siku, na ulipoona yanaponya ukarudi kuomba mengine. Haya ndiyo unayotakiwa kuyaombea msamaha. Usiyachanganye na kuku.

Tena angalia hofu yako inavyofanya kazi. Uliogopa kuku atakimbia, ukamwacha amefungwa siku mbili. Uliogopa kuchekwa, ukamwacha mama wa watu aomboleze upya miezi kadhaa. Wewe ukiogopa, mwingine ndiye anayeumia. Mara ya tatu ilikuwa iwe shingo ya Malkia, na mara ya nne masjala nzima ingekuja na nguo za msiba kumzika mama yako aliye hai. Ulijiogopa, unasema. Vizuri. Hiyo ndiyo hofu yako pekee niliyoiona ina akili.

Barua yako ililetwa kwa mkono Jumatatu na ukurasa huu unatoka Alhamisi. Sijaandika jina lako, lakini masjala ni mahali pa kusoma, na hakuna ofisi nyingi zenye Madamu wa kiti cha magurudumu. Mtu wa kwanza kumwambia awe wewe, si mimi. Kwa hiyo ukimaliza mstari wa mwisho, kunja gazeti uende mlangoni kwake kabla hajaletewa chai. Funga mlango nyuma yako. Usianze na hadithi ya shangazi, wala tyubu, wala safu za daftari. Sema hivi: "Madamu, mgonjwa wangu si mama. Mama yangu ni mzima. Mgonjwa ni kuku asiyeweza kusimama. Nilikuacha uamini vingine kwa sababu niliogopa, na nimekukosea. Kidonda kilichopona ni cha kweli, na kilipona kwa maelekezo yako."

Kisha nyamaza. Hii itakuwa sehemu ngumu kwako, kwa sababu utataka kujieleza. Usijieleze. Akikasirika, ana haki, simama usikilize. Akicheka, usiwahi kucheka kabla hujajua anacheka nini. Akilia, mpe kiti. Atakufukuza? Sijui, sitakudanganya. Daftari la ruhusa lina maneno yako na sahihi yake, na anaweza kuona umemwingiza naye kwenye mambo yasiyofaa. Ukimaliza kusema, mwombe akuruhusu uandike maelezo yaliyo sahihi kwa mkono wako, uyaweke kwenye jalada lako, ili yeye abaki safi. Hata akikataa, umeomba. Lakini mtu anayerudisha jalada kwa sababu ya nukta huwa anathamini aliyejisahihisha mwenyewe, kuliko wewe unavyodhani sasa hivi.

Ofisi itakucheka, naam. Hadi ustaafu hapana. Watacheka hadi dereva afanye kituko chake.

Nimemwuliza daktari wa mifugo kwa niaba yako. Anasema baada ya miezi minne vidole vilivyojikunja havina matumaini makubwa, ila umfinye kidogo ukucha, na kama anavuta mguu basi bado kuna uhai ndani yake. Mwombe fundi cherehani, mwenye mikono ya kazi, akushonee kitambaa chenye matundu mawili ya miguu, ukining'inize kwenye stuli iliyogeuzwa juu chini, kuku akae humo miguu ikigusa sakafu, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, si zaidi. Bakuli la maji liwe zito na fupi, lifike kwenye mdomo wake bila kujinyoosha. Kagua kifua na sehemu ya nyuma kila siku, inzi ni hatari kuliko ulemavu. Mchana, fundi cherehani yuko nyumbani kutwa, mwombe amgeuze yeye. Hukumwomba kwa sababu uliona aibu, sivyo? Mwombe leo.

Anakula, anakuita ukiingia, anadonoa vifungo vya shati. Huyo anataka kuishi. Siku akiacha kula na kugeuzia ukuta uso wake, mpeleke kwa daktari, uamue kwa ajili yake. Isiwe kwa ajili ya ratiba ya ofisi yako.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo ninalolijali kuliko kuku na kuliko kazi yako. Mama huyo alifunika kiti kile shuka na hakukubali kumpa mtu yeyote, na sasa kwa mara ya kwanza amekifunua. Usimwache akifunike tena. Akishatulia, iwe kesho au hata Jumamosi yenyewe asubuhi, mwambie unajua gari limeshaombwa na watu wameshajitayarisha, na kwamba wodini, kwenye hospitali yoyote, hakosekani mama wa mtu anayebebwa mgongoni kwenda chooni. Mwulize kama atakubali mkipeleke huko. Akikubali, wewe ndiye ubebe kiti, upande na ushuke nacho, usimwachie tarishi. Akisema hapana, kubali, na uulize tena baada ya mwezi, kwa upole.

Na Jumamosi hiyo, kabla hujatoka nyumbani, mbadilishie Malkia maji.